Kisogo cha Mama Mkwe

Kila jioni ya siku za kazi, ikikaribia saa moja na nusu, Prodyuza huzima taa ya chumba chake cha uani, huvuta kiti mpaka dirishani, na kuketi akitazama kisogo cha mama mkwe wake.

Nisiiache sentensi hiyo ikae peke yake, maana mwenyewe ni mtu wa heshima, mzee wa kanisa, na hapa kwetu Buruburu ana adui mmoja tu, yule mhubiri wa kipaza sauti wa kona ya maduka. Kazi yake ni kutunga muziki wa filamu na wa michezo ya runinga. Si nyimbo za kuchezwa harusini. Ni ule muziki unaopita chini ya maneno. Mtu kwenye runinga anafungua barua, kitu kinalia kwa mbali, na wewe uliyekuwa umekata tonge unajikuta umelishika tu mkononi hadi linapoa. Aliyekushika mkono ni yeye.

Mtaani hawakumjua kwa kazi hiyo. Waliona kinanda na spika zikiingizwa, wakamwita Prodyuza, na vijana wakaanza kumfuata. Niaje Prodyuza, turekodie moja. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia, "Wanangu, mimi nafanya muziki wa watu walionyamaza." Walienda zao wakisema buda ameruka akili.

Mimi ninayeandika haya ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nilizaliwa Makongeni, kwenye nyumba za reli, ambako baba yangu alikuwa mpaka grisi wa mabehewa, mtu wa kupaka vyuma visilie. Grisi niliijua kabla ya kuzijua herufi, na herufi zenyewe tuliachana mapema, darasa la saba, bila ugomvi. Leo nina karakana tatu na lori, na nyumba ninayokaa niliinunua kwa mwalimu mkuu mstaafu, ambaye alinikabidhi funguo huku akinitajia vyuo vyote alivyosoma. Nilimsikiliza kwa adabu. Kisha nikabadilisha geti.

Kila geti ninalotengeneza lina herufi mbili za jina langu, zimekatwa kwa bamba na kuchomelewa juu upande wa kulia, ukubwa wa sahani. Tembea Buruburu mwanzo hadi mwisho utanisoma mpaka uchoke. Na kuna jambo ambalo hata maadui zangu hawanipingi: geti langu halilii. Lisukume, litakwenda kama mlango wa mbinguni. Nilipomwambia Prodyuza hivyo mara ya kwanza, alifikiri kidogo, akaniuliza kama wezi huwa wananitumia salamu za Krismasi.

Tulijuana kwa sababu alikuja karakana akapitapita kwenye mrundo wangu wa vyuma akivigonga kimoja kimoja kwa funguo za nyumba yake, sikio limeinama. Nikadhani ametumwa na kaunti kukagua. Kisha nikadhani ni mgonjwa. Nikamuuliza, mzee, unatafuta nini, akasema anatafuta chuma kilichozeeka vizuri. Aliondoka na kipande kilichopinda ambacho nilikuwa nimekitupa, amekibeba kama mtoto, na wiki chache baadaye nikakisikia kwenye runinga kikiwa kengele ya misheni ya kijijini inayolia ng'ambo ya bonde. Nilimwambia mke wangu, ile si kengele, ile ni takataka yangu. Hajaniamini mpaka leo.

Baadaye alitaka mlango wa chumba cha uani, usiopitisha kelele. Nikamtengenezea mlango wa bamba mbili, katikati nimeshindilia sponji ya magodoro niliyoifuata mwenyewe Eastleigh, na pembeni mpira wa gari. Mlango ule ukifungwa, hata radi inabisha hodi. Mhubiri wa kipaza sauti alikuwa akihubiri tangu asubuhi siku hiyo. Tulipoufunga, akakatika kama amenyakuliwa. Prodyuza alisimama pale katikati ya ukimya, macho ameyafumba, nami nikangoja sifa zangu. Akasema, "Fundi, sasa nasikia saa yako ya mkononi." Nilikaa na neno hilo siku mbili nikijiuliza kama ni pongezi.

Adui yake huyo mhubiri, kumbe alikuwa anamrekodi. Si mahubiri, bali ile pumzi anayovuta kati ya sentensi na sentensi. Aliikusanya pumzi ile, akaifanya nzito, na kwa msimu mzima kila mnyang'anyi wa mashamba alipoingia kwenye mchezo, mtumishi wa Mungu alikuwa chini yake akihema. Nilimuuliza kama hiyo si dhambi. Alisema angemwomba msamaha kama mhubiri angezima spika wakausikia msamaha wenyewe.

Namna yake ya kufanya kazi ilinichekesha kwa miaka. Wenye mchezo humletea picha, naye kwanza huitazama bila sauti hata kidogo, mara tatu nne, midomo ikimchezacheza kama mbuzi anayecheua. Kisha mwongozaji humpigia simu na kumwagiza kwa maneno ambayo mimi nikiagizwa geti hivyo ningekata simu. Siku moja nilimsikia kwa masikio yangu akiambiwa watu wanataka muziki wa mwanamume anayefikiria kuuza shamba lakini hajamwambia mkewe. Prodyuza hakushangaa. Aliuliza tu kama mke yuko jikoni au ametoka.

Alikuwa na maneno yake, mengi nimeyaiba. Ninalolitumia zaidi ni hili: "Sisi ni bawaba, Fundi. Mlango ndio husifiwa." Aliniambia akinidhihaki, kwa sababu ya herufi zangu za ukubwa wa sahani. Kwake, muziki wa filamu ukisikika umeshindwa. Mtazamaji akisema muziki ule ulikuwa mtamu, yeye hununa kana kwamba ametukanwa.

Hayo ndiyo aliyoyahubiri. Lakini subiri mchezo uishe, yale majina ya waliotengeneza yaanze kupanda kwenye skrini, yakikimbia kama kuku waliotupiwa jiwe. Bwana Bawaba anasimama. Anabandika pua kwenye kioo cha dirisha kutafuta jina lake. Runinga ikikata majina na kuingiza tangazo la sabuni, hali chakula. Nimemwona kwa macho yangu akirudisha sahani ya ugali na samaki kwa sababu ya sabuni. Nilimwambia anitafutie ile skrini, nimchomelee herufi zake hapo juu kulia. Hakucheka.

Sasa kuhusu kisogo.

Prodyuza ni wa magharibi ya nchi, kwao ni upande wa mpakani kule. Mkewe, Mama Nekesa, ni wa Ukambani. Siku ya mahari nilikuwepo, nilipeleka lori. Wazee wa pande mbili hawakuelewana hata mbuzi akatwe kuanzia wapi. Lakini kuna jambo walikubaliana bila hata kuliweka mezani: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawaketi sebule moja. Huko magharibi ndivyo, na huko Ukambani kwa wazee wa zamani ndivyo. Ilikuwa nafuu kuona angalau aibu wanaigawana sawasawa.

Haikumsumbua mtu mpaka mama mkwe alipokuja kutibiwa mguu. Alikuja kwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa sita. Mama mwenyewe hana ubaya, ni mwanamke mrefu, mkavu, kilemba hakimtoki kichwani na leso haimtoki mabegani, na akiketi kwenye kiti cha sebuleni unaona kwamba kiti kilikuwa kikimngoja. Basi mkwe akahamia uani na spika zake. Akitaka kupita kwenda juu kulala, hupita mlango wa jikoni, na kabla ya kuingia hukohoa mara mbili. Mama naye akisikia kikohozi hugeuza kiti ukutani na kujifunika leso usoni mpaka nyayo zimalize ngazi. Ndipo huuliza, "Ameshapita?"

Wakitaka kuzungumza, maneno hupitia kwa Mama Nekesa. Asipokuwepo, hupitia kwa yeyote aliye karibu, na mara nyingi nilikuwa mimi.

"Fundi, mwambie baba Nekesa mvua inakuja, aanue nguo."

Baba Nekesa yuko nyuma ya ukuta, ameshika kikapu tayari. "Mwambie mama nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Na mimi nimesikia kwamba amesikia," husema Mama, na kurudi kwenye shughuli zake.

Mama hakuamini kwamba mkwe wake ana kazi. Alikotoka yeye, mwanamume hutoka asubuhi. Huyu anatoka jikoni na kuingia uani. Anajifungia, anagongagonga, anatoka saa sita kula. Mama alimwambia bintiye kwamba ameolewa na mtu anayefuga kelele. Na siku moja alinituma kwa upole kabisa nimuulize mkwe wake kama angekubali kazi kwangu karakana, hata ya kunishikia vyuma tu. Sijawahi kupeleka ujumbe kwa raha kama ule. Prodyuza aliusikiliza akiwa amesimama katikati ya nyaya zake, akasema nimwambie mama anashukuru na analifikiria.

Lakini mama huyohuyo, saa moja na nusu ikifika, hakuna wa kumwondoa mbele ya runinga. Ule mchezo ambao mkwe wake anautungia muziki ndio moyo wake. Watu wake wote humo anawajua kuliko anavyowajua majirani, anawaombea kanisani kwa majina. Na analia. Si kilio cha kelele. Kilemba kinainama kidogo, kona ya leso inapanda machoni, inashuka.

Dirisha la chumba cha uani linatazamana na dirisha la nyuma la sebule. Kwa hiyo mtu aliye gizani huko uani anaona runinga, na mbele ya runinga anaona kisogo. Uso hauonekani, mila imetimizwa. Prodyuza alijua kukisoma kisogo kile kama mimi ninavyosoma moto wa kuchomelea. Kilemba kikisimama wima, tukio linachosha. Kikilalia kushoto, Mama hamwamini anayeongea. Na kikiinama, hapo ndipo palipokuwa na mtihani wake. Alinieleza siku moja, kalamu ya risasi mkononi, daftari la mtoto magotini. "Kikiinama mtu ameshasema, aliyemliza ni mwigizaji. Kikiinama kabla mtu hajafungua mdomo, ni mimi." Daftari lote lilikuwa hivyo: tarehe, tukio, kabla, baada, kabla, kabla. Kilichofanya kazi wiki hii alikitumia wiki zinazokuja. Wenye mchezo walidhani ana kipaji tu. Kipaji anacho, lakini pia alikuwa na mama mkwe.

Nilimuuliza kwa nini asimwambie. Aibu yote hii ya kuitwa mfuga kelele ingeisha kwa dakika moja. Alinitazama kana kwamba nimependekeza tuuze injini ili gari liwe jepesi.

"Akijua ni mimi ataanza kunisikia. Akinisikia hatalia tena. Nani amlilie mkwe wake?"

Kabla sijafika kwenye kosa langu kubwa, nieleze dogo, maana yote mawili ni ya ukoo mmoja. Geti la nyumba yake nililitengeneza mimi, na lina herufi zangu. Mvua za miaka zikaliingia kwenye bawaba, likaanza kulia. Jambo hilo lilininyima raha. Kila nikipita nasikia jina langu likipiga kelele barabarani. Jumamosi moja nikaja na grisi yangu, bila kuitwa, nikaifanya ile kazi jinsi baba alivyonifundisha, nikalisukuma likaenda kimya. Prodyuza akatoka na fulana.

"Umefanya nini?"

"Nimekunyamazishia geti. Bure."

Aliketi kwenye ngazi ya mlango. "Fundi, umeniulia mwimbaji."

Kumbe lile geti lilikuwa na sauti mbili, moja ya kushuka Nekesa akitoka kwenda shule, nyingine ya kupanda akirudi, na yeye alikuwa amezirekodi wakati wa jua na wakati wa vumbi, akawa anangoja mvua ili apate ya unyevunyevu. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Mwisho wake nilifanya nilichofanya. Mtoto wa mpaka grisi wa reli nilipiga magoti mchana kweupe, nikaiosha bawaba kwa mafuta ya taa, nikaikwangua kwa mchanga na kuimwagia maji ya chumvi, huku wapita njia wakilisoma jina langu juu ya kichwa changu. Ilichukua mwezi mzima na mvua mbili kubwa likaanza kulia tena. Nilimwapisha asimwambie mtu.

Yeye alitunza siri yangu. Yake niliitunza mpaka siku Mama alipopata wageni.

Walikuwa akina mama wanne wa kanisani kwao, wamekuja kumwona mguu. Mimi nilikuwa hapo sebuleni nikipima dirisha la mbele, linahitaji vyuma vipya. Chai imemiminwa, maneno yakaja kwenye wakwe, kila mama akataja kazi ya mkwe wake. Mmoja ana duka la dawa. Mwingine ni dereva wa serikali. Ikafika zamu ya Mama. Akakunja leso magotini, akasema wa kwake yupo, ni mzima, anakula vizuri.

Nikawaona wale wanawake wakitazamana. Sijui kilichonipata. Yaani najua. Nilitaka pia wajue mlango wa kile chumba ulitengenezwa na nani.

"Mama," nikasema, "huyo mkwe wako ndiye anayekuliza kila jioni."

Nikaeleza yote isipokuwa dirisha. Nikaeleza muziki, barua, kengele, mashamba, na mlango wa bamba mbili nikaueleza kwa kirefu. Nilipomaliza chai ilikuwa imepoa. Nilingoja furaha. Mama alikuwa akiitazama runinga, ambayo ilikuwa imezimwa.

"Kwa hiyo ile inayolia humo ni yeye?"

"Ni yeye."

"Amekuwa akiingia hapa sebuleni."

Sikuelewa. Nikasema hapana Mama, yeye huwa uani.

"Miaka yote sita," akasema. "Mimi nimeketi hapa nikilia mbele ya mkwe wangu."

Jioni hiyo nilikaa ili nione. Mchezo ukaanza. Mtu akafungua mlango, muziki ukaja polepole kama anavyoujua yeye, na Mama akageuza kiti ukutani na kujifunika leso usoni. Akaketi hivyo, ubavu kwa runinga. Muziki ulipokatika, akamuuliza bintiye kutoka ndani ya leso:

"Ameshatoka?"

"Ametoka, Mama."

Akageuka. Dakika mbili baadaye muziki ukarudi, na kiti kikageuka tena. Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikaona lile dirisha la uani lenye giza, nikakumbuka nani yuko nyuma yake, kicheko kikaisha chenyewe.

Ikawa hivyo kila siku. Mama hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Alikuwa anamheshimu sasa. Aliacha kumwita mfuga kelele. Aliagiza awekewe nyama ya kifua. Lakini mchezo wake, raha yake ya pekee na mguu ule, alikuwa anausikia vipandevipande kutoka ukutani, na wanaokufa humo alikuwa anapewa habari zao kesho yake.

Prodyuza naye alikuwa amepofuka. Leso ilipanda kwa huzuni, ikapanda kwa vichekesho, ikapanda hata kwa ule mlio mfupi wa kuanzia mchezo. Daftari lilijaa alama za kuuliza. Alianza kuogopa. Muziki wake ukawa mara unapiga kelele, mara unanong'ona kama mwizi, hata mimi wa darasa la saba nikasikia kuna kitu hakijakaza. Mwongozaji akampigia simu. Alimwambia kwa adabu kwamba kuna mazishi yanakuja, ya yule bibi mpendwa wa mchezo, kilele cha msimu wote, na muziki wake ukiwa kama huu wa siku hizi watakuwa wananunua ule wa tayari, wa mtandaoni, wanaubandika wenyewe. Miaka yote ile ya kazi, na sasa imebaki maiti moja.

Nilimwendea kuomba msamaha. Sina mazoea nao, nilianza na habari za hali ya hewa. Alikuwa ameketi bila kuwasha kitu, mlango wangu umefungwa, saa yangu ikisikika.

"Hukusema uongo," akaniambia. "Ungesema uongo ningekukanusha."

Nikapendekeza wazee wa pande mbili wapigiwe simu, mbuzi atafutwe, mama aruhusiwe kumsikia mkwe. Nitatoa mbuzi mimi. Akatikisa kichwa. Hao wazee, alisema, wataanza na mbuzi akatwe wapi. Halafu akauliza, akiwa hanitazami, "Geti limeanza kulia vizuri?"

Nikasema linalia kuliko zamani. Nilisema kwa huzuni. Yeye akainuka kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Siku ya mazishi ya yule bibi nilialikwa na Mama Nekesa, na wale wanawake wa kanisani walikuwepo pia, maana kifo kile kilikuwa kimetangazwa. Tukaketi. Mama alikuwa na leso tayari kidevuni, mkono mmoja kwenye mguu wa kiti, amejiandaa kumpisha mkwe.

Kijana wa yule bibi, aliyekaa mjini miaka mingi bila kurudi, alifika nyumbani amechelewa, wenzake wameshamzika mama. Alisimama nje ya geti. Hasukumi, amesimama tu. Mama alisubiri kinanda. Mimi nilisubiri kinanda. Hakikuja. Ila kulikuwa na kitu, chini kabisa, kilikuja taratibu hata huwezi kusema kilianza lini, kama mwanamke aliye chumba cha pili anayeguna wimbo bila kujua anaguna. Kilishuka. Kikakaa. Kikashuka tena. Na mimi nikahisi kwenye kiwiko, si kwenye sikio, kwa sababu kiwiko changu ndicho kilichokikwangua kwa mchanga: ilikuwa bawaba yangu. Alikuwa ameivuta ikawa ndefu kama barabara, akaibandika juu yake yenyewe mara kadhaa, sauti ya kushuka peke yake, ile ya mtoto anayeondoka. Ya kupanda hakuitumia.

Nikatazama kilemba. Leso ilikuwa bado kidevuni. Yule kijana alikuwa bado hajasema neno, na kilemba kikainama, taratibu, mpaka chini.

Mama alilia vizuri siku hiyo. Alilia mbele ya wageni wake, nao wakalia, hakuna aliyejifunika. Majina yalipoanza kukimbia kwenye skrini, alijifuta, akakunja leso, akamgeukia bintiye.

"Leo mkwe hakuingia."

Mama Nekesa akanitazama. Mimi nikatazama zulia.

"Alijua ni kifo," Mama akawaambia wageni. "Akatuachia sebule tulie. Huyo ni mtu mwenye heshima."

Wanawake wakaafiki. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni kama misumari kwenye midomo ya seremala. Geti lile ni langu, bawaba ni yangu, chumvi niliimwaga mimi. Nikainuka, nikasema nakwenda mara moja uani.

Alikuwa gizani kwenye kiti chake. Runinga kule ndani ilikuwa bado inapandisha majina, na hakuwa amebandika pua kwenye kioo. Daftari lilikuwa magotini, kalamu imesimama.

"Nimeona kilemba," akasema. "Amesema nini?"

"Amesema hukuingia."

Akaandika neno moja, akalifunga daftari. Sikuhitaji kuonyeshwa ni neno gani. Kesho yake mwongozaji alipiga simu akasema aendelee vivyo hivyo, lakini hiyo ilikuwa kesho yake.

Nilirudi kupitia sebuleni kuaga. Nilikuwa nimefika mlangoni Mama aliponiita, wageni wake wote wakageuka.

"Fundi. Hilo geti lako linalia. Nalisikia asubuhi, nalisikia jioni, na jina lako liko juu. Kwani siku hizi huna grisi?"

Wanawake wanne walinitazama. Mmoja wao, yule ambaye mkwe wake ana duka la dawa, alikuwa ameniambia kabla ya mchezo kwamba anataka geti. Nyuma yao, ng'ambo ya ua, lile dirisha lilikuwa na giza, na najua kabisa alikuwa anasikiliza.

"Nitaleta, Mama," nikasema.

Imepita miezi. Yule mama wa duka la dawa alinunua geti kwa mtu mwingine. Kila nikipita kuwasalimu, Mama ananikumbusha grisi, mwanzo kwa upole, siku hizi kwa kuniuliza kama biashara imeanguka, kama ninahitaji kusaidiwa. Nasimama pale sebuleni, mtoto wa mpaka grisi wa reli, mwenye karakana tatu na lori, nashika kofia mkononi.

Kesho, namwambia. Nitaleta kesho, Mama.